Hina Kwenye Kiti cha Abiria

Ulikuwa mwaka wa chai na ndizi. Sukari ilipotea madukani, tukawa tunauma ndizi mbivu kwanza halafu tunapiga funda la chai juu yake, hiyo ndiyo sukari yenyewe. Sombe, majani yetu ya muhogo, tulikula bila ndagala, wale dagaa wa ziwani, maana ziwa lilifungwa ili samaki wakue, na wale waliouzwa kwa kificho walikuwa wadogo kama kope za jicho. Ukimuuliza mtu wa mtaa wetu wa Bwiza huo ulikuwa mwaka gani, hatakutajia namba. Atakuambia chai na ndizi, na wewe utaelewa.

Mwaka huohuo esansi, petroli ya magari, nayo ilikuwa ya kubembeleza. Magari yalilala kwenye foleni, wenyewe ndani, milango wazi, miguu nje. Ndipo watu waliokuwa na magari mawili wakaanza kuuza moja, na ndipo mjukuu wangu akaniingilia jikoni na habari ya gari la mbio.

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu wa kwanza. Kazi yake ni kupamba maharusi. Akishakupamba, mama yako mwenyewe anauliza huyu ni nani. Mi najivunia yeye hadi watu wanachoka kunisikia, na wachoke. Sasa alitaka gari la kubebea maharusi, dogo, jeupe, la milango miwili, lipite Bwiza watu watoke kwenye mabaa na bilauri zao mkononi kuangalia.

"Na esansi?" nikamuuliza.

"Bibi, watu watakosa esansi ya kwenda hospitali. Ya harusi hawaikosi."

Hapo alisema kweli.

Alinitaka mimi niende kuangalia viti. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa viti vya magari hapahapa Bwiza. Yeye alikata, mi nilishona. Shule niliiacha pale hesabu za kugawanya zilipoanza, lakini ngozi nimeishika maisha yangu yote, ya ng'ombe, ya mbuzi, na ile ya uongo tunayoiita simili. Mjukuu wangu alikuwa na hofu moja tu. Gari lenye viti vyeupe vilivyochakaa, watu wanavipaka rangi vionekane vipya. Siku ya harusi jua linawaka, bibi harusi anatoka jasho, rangi inaamka na kuhamia kwenye gauni. Bibi harusi anashuka na matako ya rangi ya chai mbele ya wakwe. Baada ya hapo nani atakuita tena?

Basi tukapanda mlimani, mtaa wa Kinanira.

Mwenye gari alikuwa mwanaume wa makamo, mfanyabiashara wa vipuri, mpole, sauti yake ya chini. Alitupokea vizuri. Gari lilikuwa uani chini ya kivuli cha ukuta, na siwezi kulitukana, lilikuwa zuri. Ndani viti rangi ya maziwa. Lakini kuchakaa vilichakaa.

Mjukuu wangu aliponyoosha mdomo nikamwambia asiwe na haraka. Kiti cheupe kuchakaa si kosa. Cheusi kinaficha kila kitu, unakuja kushtuka siku kinapopasuka. Cheupe kinakuambia yote mapema. Kazi yako ni kujua ni uchakavu gani huo, wa kukaliwa au wa kutupwa.

Nilianza upande wa dereva. Kwenye gari la mbio hukai, unaanguka. Liko chini mno. Na ukitoka unateleza juu ya lile shavu la kiti, lile tuta la pembeni linalokushika mbavu. Kwa hiyo shavu ndilo linaloumia kwanza. Hili lilikuwa na mikunjo mingi myembamba kama mgongo wa mkono wangu, lakini hakuna uliopasuka hadi ndani. Nikabonyeza kwa dole gumba. Ngozi ya kweli inakunjamana kuzunguka kidole, kama ngozi ya mtu. Simili inabonyea tu kama mpira. Hii ilikunjamana. Nikatazama nyuzi. Mtu akipaka ngozi rangi, anapaka na uzi, hana muda wa kuuzunguka. Hapa uzi uliingia ukahawia wa jasho na ngozi ikabaki na rangi yake. Vizuri. Nikatoa kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikasugua. Kikatoka na uchafu. Uchafu hauna neno, nilikuwa naogopa rangi, na rangi haikutoka. Nikaingiza mkono chini ya kiti, nikapapasa vyuma na kunusa vidole, maana ziwa likipanda kule chini magari yanaoga, na wenyewe wanayakausha na kukaa kimya. Hakuna kutu, hakuna harufu.

Hapo ndipo ningemwambia mjukuu wangu, nunua, nikanywa chai yangu, nikashuka mlima.

Lakini watu walishakusanyika. Zamu, mlinzi wa nyumba, alikuwa ameacha geti lake. Jirani mmoja alikuwa ameweka viwiko juu ya ukuta. Mke wa mwenye gari, mwanamke mzuri, mnene wa kupendeza, alikuja na sinia la chai na vipande vya ndizi vimepangwa kwenye kisahani. Na mjukuu wangu, kwa mapenzi yake, akawaambia, "Huyu bibi yangu, kiti kikimuona kinaanza kujitetea chenyewe."

Wakacheka. Na mi kichwa kikanivimba. Nikazunguka nikaenda upande wa abiria, ambako hakuna aliyeniuliza kitu.

Kile kiti kilikaliwa sana. Shavu lake liling'aa kuliko la dereva. Katikati, karibu na ukingo wa mbele, kulikuwa na doa jekundu la kahawia, la duara, kubwa kidogo kuliko yai. Na pembeni, upande wa mlango, vishimo vidogo vya duara vilivyoingia weusi, kama mtu amechomachoma ngozi na kidole cha chuma. Nikainama, nikanusa. Hina inabaki na harufu yake, majani na udongo. Nikainuka, nikashika kiuno. Nakumbuka nilishika kiuno.

"Hapa amekaa mwanamuke," nikasema, "na si mara moja. Hii hina. Na vishimo hivi ni kiatu cha kisigino kirefu, dada anapanda kwa maringo. We baba, bibi harusi gani huyu asiyemaliza kuolewa?"

Zamu alicheka hadi akashika geti. Jirani alicheka. Mwenye gari hakucheka.

Mkewe aliweka sinia juu ya boneti.

"Mama, umesema hina?"

"Hina, mwanangu. Ikishaingia kwenye ngozi nyeupe haitoki, hata uisugue na ndimu."

"Mi sipaki hina. Inaniwasha mwili wote. Nilipaka siku ya harusi yangu, nikavimba, basi."

Alimtazama mume wake. Mume wake alitazama tairi. Alikuwa na nafasi ya kusema neno lolote, na mi nilimngoja aseme, lakini alilitazama lile tairi kama ndilo lililomuuliza. Mwanamke akanirudia mimi. Sauti yake ilishakuwa ndogo.

"Labda umekosea, mama. Labda ni chai. Labda ni mutoto alimwaga kitu."

Alinipa mlango. Alinifungulia kabisa, ningepita tu. Ningesema ndiyo mwanangu, macho ya uzee haya, labda ni chai.

"Mi sikosei kiti," nikasema.

Tuliondoka bila kunywa. Vile vipande vya ndizi vilibaki juu ya boneti, nzi wameshavikalia. Tulipofika chini ya mlima, mjukuu wangu akanigeukia.

"Bibi, mi nilikuita uangalie kiti. Sikukuita uangalie nyumba ya watu."

"Nimesema nilichoona."

"Uliona doa. Yule mwanamuke uliyemsema ulimwona wapi?"

Nikamwambia asinifundishe. Nikamwambia mwanaume anayenyamaza vile ana lake moyoni. Siku zile nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila nilipojiambia nilisukuma sahani pembeni.

Haikupita wiki, habari ikashuka Bwiza. Yule mwanamke amechukua watoto, amerudi kwao, mtaa wa Jabe. Mume anakwenda kubisha, hafunguliwi. Na mtaani kwangu, badala ya kunionea aibu, wakanifanya shujaa. Wanawake walikuwa wanapita mlangoni: "Bibi, njoo usome gari la bwana wangu!" "Bibi, pikipiki nayo inasomeka?" Mi nilikuwa nacheka nao. Sikumwambia hata mmoja nyamaza. Nilikaa kibarazani kwangu nikacheka, na mwanamke wa watu amelala chini na watoto wake kwenye chumba alichozaliwa. Kicheko hicho kinaniuma kuliko maneno yenyewe.

Kisha siku moja, baada ya sala ya alasiri, gari lile jeupe lilisimama mlangoni kwangu.

Nilidhani mwanaume amekuja kunitukana, nikajiandaa kutukanwa, na kusema kweli nilitaka anitukane. Lakini alibaki kwenye usukani, anatazama mbele. Ulifunguka mlango wa abiria. Kwanza ikatoka fimbo. Ncha yake ya chuma haikuwekwa chini, ilikanyaga pembeni ya kiti, ikajichimbia pale kwenye ngozi, na mtu akajisukuma juu yake kwa nguvu zake zote. Halafu akaonekana mwanamke mzee, wa umri wangu, mweupe wa nywele. Alikuwa ameukalia mguu mmoja, ameukunja chini yake juu ya kiti kama amekaa mkekani. Akauvuta polepole. Kisigino kikatoka. Kilikuwa chekundu, kimekolea, cha duara kama yai.

Na mi nilikuwa nimesimama mlangoni na visigino vyangu vyekundu vilevile. Kila mwezi nakanda hina na kupaka nyayo zangu, zinapasuka na kuwaka moto, na hina inazipoza. Nikipanda gari la mjukuu yeyote nakunja mguu juu ya kiti, kwa sababu goti linagoma kuning'inia, na wananigombeza. Ni mwanamke gani wa visigino virefu anayeweka kisigino juu ya kiti? Doa lile lilikuwa la mtu kama mimi. Nililiinamia, nikalinusa, na kichwa changu kilichojaa maharusi kikaona msichana.

Nilimsaidia kupanda ngazi. Akakaa kwenye kiti changu kizuri na mguu akaukunja hapohapo.

"We ndiye uliyesoma gari la mutoto wangu?"

"Ni mimi, dada."

"Ulisoma vibaya."

"Nimeona sasa hivi."

Hakunigombeza. Alinieleza. Siku ya Idi, mbele ya wageni, alikuwa amesema pilau ya mke wa mwanawe imepikwa na mtu mwenye haraka ya kuondoka. Mkwe akakasirika, na haki yake. Akamwambia mumewe hataki kumwona akienda kwa mama yake mpaka mama aombe msamaha. Mwanaume akakubali ili alale kwa amani. Lakini magoti ya mama yalikuwa yanaharibika, yanahitaji kupelekwa kukandwa na daktari, na hana mtoto mwingine. Basi akawa anampeleka kwa siri, kwenye gari dogo, kwa sababu kubwa lilikuwa la mke na watoto. Halafu akaona bora aliondoe gari, safari za siri ziishe. Ndiyo sababu ya kuliuza. Na siku ile uani, mi nilipomuuliza ni bibi harusi gani, alishindwa kuchagua lipi aseme. Akisema ni mama yangu, amevunja ahadi mbele ya majirani. Akinyamaza, labda yatapita.

"Tangu lini yanapita?" yule mama akaniuliza, kana kwamba mi ndiye niliyemzaa.

"Sasa unataka nini, dada?"

"Vaa kanga yako. Twende Jabe. Ulilolivunja kwa mudomo, kalirudishe kwa mudomo."

Nikaenda. Waliniingiza nyuma. Nyuma ya gari la mbio si mahali pa mtu, ni mahali pa mfuko wa viazi. Magoti yalikuwa kidevuni na kichwa kimepinda, na mbele yangu, katikati ya viti, nilikuwa naona kile kisigino kimelala juu ya doa lake kama kifuniko juu ya chungu. Nilikuwa na njia nzima ya kukitazama. Mwanaume aliendesha, macho barabarani. Mara moja tu alinitazama kwenye kioo, na mi nikainamisha macho, mimi ambaye sijawahi kumwinamishia mtu macho hata mume wangu.

"Baba, nisamehe," nikamwambia kisogo chake.

"Ilikuwa yangu pia, mama," akasema. Basi.

Pale Jabe tulimkuta mkewe uani kwa wazazi wake, anatwanga sombe. Wazazi wakaitana, wakaingia ndani na kutuachia uwanja, watu wenye adabu. Yule mwanamke hakuacha kutwanga. Alikuwa amepungua. Ule unene wa kupendeza niliouona Kinanira ulikuwa umeondoka usoni. Mumewe alibaki karibu na geti, mikono nyuma.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilisema nimekosea. Nilisema hakuna kiatu cha kisigino kirefu, ni ncha ya fimbo. Hina ni ya nyayo za mama mkwe wako, na huyu hapa, mtazame mguu. Nilisema nilikuwa najionyesha kwa watu. Yule mama naye akasogea, akaegemea fimbo yake. Niliona ni kiasi gani ilimgharimu.

"Na pilau yako ilikuwa nzuri," akasema. "Nilikula mara mbili. Ilikuwa wivu, mwanangu. Nisamehe."

Mchi ukasimama. Mwanamke akajifuta uso kwa mkono wa gauni, na kijani cha sombe kikabaki shavuni. Mi nikaona mambo yanarudi. Wallahi nikaanza kupumua.

"Mama, nimekusamehe," akamwambia mkwe wake. "Magoti yako ungeniambia mimi, ningekupeleka mwenyewe."

Halafu akanigeukia.

"Na we, bibi. Miezi yote hii alikuwa anamubeba mama yake, anarudi nyumbani, anakaa, anakula na mi, ananiambia alikuwa kwenye vipuri. Uso wake hata haukubadilika. Mutu anayeweza kunificha mama yake, anashindwa kunificha nini?"

Akasogea karibu yangu.

"Siku ile ulisema bila kuulizwa. Sasa mi nakuuliza. We ndiye ulileta huyo mwanamuke ndani ya kichwa changu, we ndiye utamutoa. Apa. Sema wallahi, hakuna mwanamuke mwingine. Ukiapa, nachukua watoto tunapanda Kinanira sasa hivi."

Watoto walikuwa mlangoni, wamevaa viatu tayari. Watoto wanasikia mapema kuliko wakubwa. Mwanaume kule getini aliinua uso, akanitazama, na nikautafuta ule uso kama nilivyotafuta nyuzi za kile kiti, nikaona mtu aliyechoka, anayetaka mke wake. Labda ni hivyo tu. Mjukuu wangu mpaka leo ananiambia ningeapa, neno moja, nani angeumia? Na usiku mwingine naamini anachosema. Lakini mdomo huu ulishamzushia mtu mwanamke kutoka kwenye doa. Sasa tena umsafishe kwa doa lilelile?

"Siapi," nikasema. "Kisigino kile nakijua. Mwanaume simjui."

Yule mama alinishika mkono, kucha zikaniingia.

"Dada, apa tu. Mi mama yake nakuambia. Usinivunjie nyumba ya mutoto mara ya pili."

Mwanaume hakusogea. Mwanamke aliushika mchi wake kwa mikono miwili, akaningoja. Mtoto mdogo alikuwa ameshakaa kizingitini, anavua kiatu kimoja.

"Siapi. Kisigino kile nakijua. Mwanaume simjui."